Plagi ya Nne

"Tulia basi! Mtu mzima unatapatapa kama mtoto anayevishwa sare," mkewe alimwambia huku akimfunga vifungo vya shati, juu mpaka chini, haraka haraka. "Mimi nimeolewa na bwana harusi wa kila siku. Asipovishwa hatoki."

Fundi akacheka. Alicheka kila asubuhi, maana mzaha ule ndio uliokuwa umewabeba mwaka mzima. Ulianza siku aliposimama mbele ya kioo, kifungo cha tatu kikimponyoka, akikikamata, kikimponyoka tena, mpaka jasho likamtoka. Mkewe alitoka jikoni na mikono mibichi, akamfungia bila kuuliza. Kesho yake akamfungia tena. Siri ya mtungi aijuaye kata: mke alijua, mume alijua kwamba mke anajua, na neno lenyewe halikutamkwa ndani ya nyumba ile.

Neno lenyewe lilikuwa ganzi. Kisukari kilimwanzia nyayoni, kikahamia mikononi, kikashika ncha za vidole na kupanda pole pole kama maji yanavyopanda ukutani msimu wa mvua. Sasa aliweza kushika msumari asijue kama ni msumari au njiti ya kiberiti mpaka autazame. Juzi tu aliinua kikaango kwa mpini wake wa chuma, akakiweka mezani kwa utulivu wa mtu anayesogeza kiti. Mkewe ndiye aliyenusa ngozi ikiungua.

"Wewe si ndiye husema plagi haingojwi mpaka ife?" mkewe alimuuliza, akimkung'uta vumbi ambalo halikuwapo begani. "Na fundi je? Fundi hubadilishwa lini?"

"Fundi hana spea, mama watoto."

"Haya, nenda kazini basi, bwana usiye na spea."

Wakacheka wote wawili, ila kicheko cha mama yule kilikwisha kabla ya cha mwenzake.

Mtaani walimwita Vidole. Jina hilo alilipata kwa jasho. Wapo mafundi wanaosifika kwa sikio, wanasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Yeye sifa yake ilikuwa mikononi. Alishika kwa vidole kile ambacho wengine walihitaji taa na kioo kukiona. Na kati ya kazi zote, aliyoipenda kuliko nyingine ni kazi ndogo inayodharauliwa, kubadilisha plagi. Watu hudhani ni kufungua na kufunga, basi. Yeye aliwaambia vijana wote waliopita mikononi mwake kwamba tundu la plagi limetobolewa kwenye aluminiamu, chuma laini kama jibini, na plagi yenyewe ni chuma kigumu. Ikiingia upande, inakula uzi wa tundu, ile mikato ya mzunguko inayoishika plagi, na kujichimbia njia yake. Kwa hiyo plagi huanzwa kwa vidole vitupu, bila spana. Unaizungusha kama unayemwamsha mtoto. Ikikataa, irudishe nyuma, uanze tena. Kidole husikia kabla spana haijasikia.

Wapo mafundi wanaotumia kipande cha mpira wa petroli badala ya vidole. Unauvika mpira kwenye kichwa cha plagi, unazungusha. Plagi ikienda upande, mpira unateleza na uzi unapona. Ni ujanja mzuri, hauna kosa. Lakini Vidole alikuwa akiucheka miaka yote. Mpira ni wa mwanafunzi, alisema. Aliwahi kumfukuza kijana mmoja gereji nzima ikitazama, kwa sababu ya kipande cha mpira tu.

Na sasa yeye mwenyewe alikuwa na kipande kama hicho, urefu wa kiganja, mfukoni mwa ovaroli, chini ya kitambaa. Alikitumia gereji ikiwa tupu. Mkewe alikikuta siku ya kufua, akamuuliza ni cha nini. "Cha kunyonyea petroli," akajibu, na mkewe akakirudisha mfukoni.

Mchana wa siku hiyo shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliingia gereji na gari lake la teksi likitetemeka kama mgonjwa wa homa. Lilikuwa gari la kisasa, jeupe, fahari ya ukoo. Taa ya injini ilikuwa ikimweka kwenye dashibodi.

"Shemeji, niokoe," alisema hata kabla ya kushuka. "Kesho alfajiri nampeleka mama kwenye ile hospitali ya juu mlimani. Nafasi yenyewe tumeingoja tangu kiangazi. Moyo wake umechoka, miguu imevimba mpaka viatu havimwingii. Na hili gari sasa kilima kidogo tu linakohoa."

"Taa imeanza kuwaka lini?"

Shemeji akatazama pembeni. "Kama wiki tatu hivi."

"Wiki tatu inakukonyeza na wewe unaitazama tu. Kweli sikio la kufa halisikii dawa. Plagi ulibadilisha lini?"

"Kubadilisha tena? Aliyeniuzia aliniambia plagi za magari haya ya siku hizi ni za maisha."

"Maisha ya nani?" Vidole akainua boneti. "Zinakaa muda mrefu, ndiyo, kilomita laki moja wakati mwingine. Haya, hili limetembea ngapi?"

"Kibao kinasema elfu sitini."

Vidole akamwita aje atazame chini ya usukani. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinang'aa. "Elfu sitini hazili mpira namna hii. Kibao kilirudishwa nyuma kabla hujalinunua. Namba hudanganya, shemeji, unyayo haudanganyi."

Mwenye duka la vipuri, jirani wa ukuta kwa ukuta, alizileta plagi mpya mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kupenda maneno, na badala ya kuzikabidhi na kurudi dukani akaegemea ubavu wa gari.

"Nimekaa miaka nauza plagi," alisema, "ila kumwona Vidole akizifunga ni kama kwenda sinema. Bure."

Plagi nne za zamani zilitoka moja moja. Zote zilikuwa zimelika, ncha zimeliwa, nafasi katikati imepanuka hata cheche ilikuwa ikiruka kwa shida. Vidole alizipanga juu ya kitambaa, akamwonyesha shemeji yake. "Unaona? Hii haijafa. Bado inawasha. Ndiyo maana wewe unaendelea kutembea. Lakini kila inapokosa, koili inayoipa umeme inabeba mzigo wake, na ikianguka inaondoka na mwenzake. Hubadilishwa ingali inafanya kazi. Ukiingoja ife, umechelewa." Alikuwa amesema maneno hayo mara nyingi sana katika maisha yake. Leo aliyasema akiwa ameinamia plagi.

Plagi ya kwanza aliishusha ndani ya tundu lake refu kwa soketi iliyopachikwa kwenye nondo ndefu, akaizungusha nondo kwa ncha za vidole. Hakusikia kitu. Alizungusha kwa kubahatisha, akitazama tu nondo inavyoshuka, na ikaingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikaingia. Bahati ni mwalimu mbaya, inakufundisha kuitegemea.

Ya nne ilikuwa imejificha chini ya bomba la hewa, mahali ambapo jicho halifiki. Hapo huna budi kuwa na vidole. Akazungusha. Nondo ilisimama upande kidogo, au labda haikusimama upande. Akarudisha nyuma. Akazungusha tena. Mkono wake wa kushoto ukashuka wenyewe mpaka mfukoni, ukapita kitambaa, ukagusa mpira. Alijua umeugusa kwa sababu aliona mfuko umetuna.

"Unamkumbuka yule kijana wa mpira?" mwenye duka alianza kucheka hata kabla ya kusimulia. "Shemeji mtu hukuwapo! Kijana wa watu katoa kimpira chake, Vidole kamwambia, 'Toka! Hii ni gereji, si kliniki ya watoto wachanga. Nenda ukanyonye huko!' Siku hiyo nilicheka mpaka nikakaa chini."

Shemeji akacheka. Vidole naye akacheka, maana angefanyaje? Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Akachukua spana, akaipachika kwenye nondo, akavuta.

Ilikuwa nzito mapema mno. Akavuta. Ikaendelea kuwa nzito, kisha ghafla ikawa nyepesi, na uwepesi ule aliujua begani, mahali ambapo ganzi ilikuwa haijafika. Ni uwepesi wa uzi uliokwisha kuliwa. Akasimamisha mkono. Nyuma yake mwenye duka bado alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Kama angeitoa plagi, ingetoka na meno ya tundu, na gari lisingeondoka pale wiki nzima. Kama angeiacha, ilikuwa imeshika. Kidogo, lakini imeshika. Alirudisha koili juu yake na kuifunga.

"Washa."

Injini ikawaka, ikatulia, ikanguruma laini kama paka aliyeshiba. Shemeji akapiga kofi. Mwenye duka akasema, "Si niliwaambia? Sinema!"

"Ukipanda mlima usilikimbize," Vidole alisema.

"Kwa nini?"

"Plagi mpya. Lazima zizoee."

Hilo lilikuwa jambo la uongo, na hakuwahi kumwambia mteja uongo kuhusu plagi. Alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Mama mkwe alilala kwao jioni ile, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa karibu na barabara kuu. Alikalishwa kwenye kiti kikubwa, miguu juu ya mto, akivuta pumzi kwa vituo kama mtu anayepanda ngazi. Vidole alipompa mkono kumwamkia, bibi akaushika kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, nimeambiwa umelitengeneza gari," alisema. "Mikono hii Mungu aibariki. Binti yangu hakukosea."

Vidole aliuona mkono wake ndani ya viganja vya bibi yule. Hakujua kama ni vya moto au vya baridi.

Alitoka nje, akasimama karibu na gari. Maneno yalikuwa mawili matatu tu: shemeji, tafuta gari jingine. Lakini maneno hayo yalikuwa na mkia. Kwa nini? Kwa sababu plagi ya nne imekula uzi. Imekulaje, na wewe ndiye Vidole? Na baada ya hapo kila boneti iliyowahi kufunguliwa na mikono ile ingefunguliwa tena kukaguliwa, na yeye angebaki mzee mwenye sukari anayekaa mlangoni kuota jua. Akajiambia kwamba amewahi kuona plagi za namna hiyo zikidumu mwaka. Na kweli amewahi. Zilikuwa za magari ya tambarare.

Mkewe akaja akasimama mlangoni. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Kama kipo, kiseme leo," akasema.

"Nimesema hakuna."

Alfajiri walimpakia bibi kiti cha nyuma, binti yake, mke wa Vidole, kando yake na mto na chupa ya maji. Gari liliondoka kimya, zuri, taa zake nyekundu zikapinda kona. Vidole hakwenda gereji. Alikaa kitandani na shati wazi, kwa kuwa mkewe alikuwa amewahi kuondoka, na simu akaiweka mapajani.

Ililia jua lilipokuwa limeshapanda. Shemeji alikuwa akipiga kelele juu ya upepo. "Plagi imeruka! Shemeji, imeruka kama risasi, imepiga boneti mpaka imebonyea! Koili imevunjika vipande. Gari halivuti, linapiga mizinga tu, nimelizima nisije nikawachoma!"

"Mko wapi?"

"Katikati ya mlima. Upande huu ukuta, upande huu korongo. Magari yanapita, hakuna linalosimama, yanadhani sisi majambazi."

"Mama?"

Kisha shemeji akasema kwa sauti ndogo, "Tumemlaza kivulini mwa gari. Anaomba hewa."

Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimpigia mtu mwenye lori, hakupokea. Alimpigia dereva mwingine, akasema yuko mbali. Simu ilimwanguka mara mbili kwa sababu vidole havikujua kama vimeishika. Ilipolia tena alikuwa mkewe, na mkewe hakulia wala hakupaza sauti. Alisema, "Ametutoka," akakata.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

Mwili ulirudishwa jioni kwenye gari la watu baki, na gari jeupe likavutwa kwa kamba nyuma yake. Siku ya maziko nyumba ilijaa tangu asubuhi. Viti viliazimwa kwa majirani, vikapangwa uani. Shemeji hakukaa hata kwenye kimoja. Alitembea kati ya waombolezaji, macho mekundu, plagi ya nne ameikamata ngumini, akimwonyesha kila aliyemshika mkono kumpa pole.

"Plagi bandia," alikuwa akisema. "Yule mnene wa duka kaniuzia plagi bandia, kamuua mama yangu. Tazama uzi wake ulivyo! Aje tu. Leo aje hapa tuone."

Watu wakatikisa vichwa. Wengine wakasema kweli, bandia zimejaa siku hizi. Vidole aliyasikia yote kupitia dirisha la chumbani, alikokuwa amesimama mbele ya kioo akipambana na shati jeupe.

Mkewe aliingia. Macho yake yalikuwa makavu, yamevimba. Alifungua kabati, akatoa khanga, akajifunga kichwani. Vidole akageuka kumwelekea, kifua wazi, mikono pembeni, kama alivyozoea kugeuka kila asubuhi ya mwaka ule. Mkewe alimtazama. Kisha akatia mkono chini ya mto, akatoa kipande cha mpira wa petroli, akakiweka juu ya meza ya kioo, mbele yake, taratibu, kama anayeweka kikombe.

"Ovaroli lako nililifua jana," alisema. "Mama aliniuliza kule kivulini mwa gari, 'Mumeo alisemaje juu ya mlima?' Nikamwambia alisema tusikimbize." Sauti ilimkatika hapo. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akatoka, na shati akaliacha lilivyo.

Alijifunga mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu, macho yakifanya kazi ya vidole. Kifungo cha juu kilipata tundu la pili bila yeye kujua, na kikishapotea cha kwanza vyote vinafuata. Alipomaliza, upande mmoja wa shati ulikuwa umepanda shingoni na mwingine unaning'inia. Akajitazama kwenye kioo. Alijua. Akaufikiria mpira pale mezani, akautia mfukoni, akatoka hivyo hivyo.

Uani watu walimwona wakainamisha macho, maana mfiwa hachekwi. Na wakati uleule langoni akaingia mwenye duka. Alikuwa amevaa koti la heshima lisilomtosha tena, amebeba fuko la mchele wa kusaidia maombolezo, na uso wake ulionyesha kwamba amelia njiani. Mtu huyu hakuwa amesikia lolote juu ya plagi. Akaja moja kwa moja kwa shemeji, mkono mbele.

"Pole sana, ndugu yangu. Mama alikuwa..."

"Wewe!" Shemeji alimrukia kola. Fuko likaanguka, mchele ukamwagika kwenye vumbi. Viti vikapinduka, akina mama wakapiga ukelele. "Una ujasiri wa kuja hapa? Umetuletea takataka, umemuua mama, halafu unaniletea pole?"

"Mimi? Mimi nimefanya nini?" Mwenye duka alikuwa ametoa macho. "Vidole! Vidole, waambie! Ulizifunga mwenyewe, ulizishika mwenyewe, waambie plagi zangu zilikuwa nzima!"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Mkewe naye, pale mlangoni pa jikoni, aligeuka.

Vidole alitembea kati ya viti. Hakuharakisha, kwa kuwa nyayo nazo zilikuwa hazimwambii tena ardhi iko wapi. Akafika, akasimama kati ya wale watu wawili, karibu sana na shemeji yake hivi kwamba ngumi ile ikalazimika kuiachia kola.

"Shemeji," alisema. "Nifunge vifungo."

"Nini?"

"Shati langu limekwenda upande. Nimejaribu, nimeshindwa. Nifungie."

Watu walidhani msiba umemchanganya akili. Mzee mmoja akainuka kuja kumshika, mke wa Vidole akamzuia kwa mkono. Shemeji alimtazama usoni mume wa dada yake, akalitazama shati, akatazama ile mikono iliyoinuliwa mbele yake, na alama ya mpini wa kikaango ikiwa nyekundu kiganjani. Hasira ilikuwa bado imemjaa, lakini huwezi kumkatalia mkubwa wako jambo dogo namna ile mbele za watu. Akaitia plagi mfukoni. Akafungua vifungo vyote, akaanza upya kutoka juu.

"Vidole vyangu havisikii," fundi alisema, kwa sauti ambayo waliokuwa mbele waliisikia na wa nyuma wakaulizana. "Tangu mwaka jana. Nikishika kitu sijui nimeshika nini. Dada yako ndiye hunivisha."

Shemeji akafunga cha kwanza. Akafunga cha pili. Vidole vyake vilikuwa vya dereva, vinene lakini vizima, na vilishika kifungo cha tatu, vikakigeuza kukielekeza tunduni.

Hapo vikasimama. Mwenye duka alikuwa ameinama akikusanya mchele kwa viganja, na mchele ukisugua vumbi ndio uliosikika peke yake. Shemeji hakuinua uso. Alikuwa amekishika kifungo kile, hakukiingiza wala hakukiachia, na kifua cha fundi kilikuwa kikipanda na kushuka chini ya mkono wake.